Somo: Mzee karuhusiwa na mfuko wa dawa za moyo, tuanzie wapi?

Shikamooni wakubwa, wengine salama? Mimi ni muuguzi, na baba yangu namuuguza hapahapa Ngamiani, Tanga. Moyo wake umetanuka, pampu imechoka, yaani hausukumi damu vizuri. Dozi anapanga daktari wenu. Mimi nasema ya nyumbani.

1. Zimwageni dawa mezani. Kila moja ijulikane kazi yake. Furosemidi inakojoza maji. Enalaprili au losartani inaupunguzia moyo mzigo. Kavedilolo inautuliza, nayo huanza kidogo sana, ikapandishwa kila baada ya wiki mbili hivi. Msipandishe wenyewe! Spironolaktoni inazuia chumvi isirudi mwilini. Watu huipenda furosemidi kwa kuwa kazi yake wanaiona chooni, wakaziacha hizo nyingine, kumbe hizo ndizo zinazorefusha maisha. Mwaka 1999 utafiti wa RALES, kwa wagonjwa wa moyo kama huu waliozidiwa kabisa, ulionyesha spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30.

2. Mizani. Asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai. Andika daftarini. Baba Jumatatu alikuwa kilo 61, Alhamisi 63 na nusu. Nikambonyeza mguu, kidole kikaacha kishimo. Kuuliza, shangazi kaleta papa wa chumvi juzi, mzee kalia ugali siku mbili mfululizo huku mimi niko zamu. Kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji, si kunenepa. Pigeni simu kliniki siku hiyohiyo.

3. Saa. Furosemidi asubuhi; kama ni mara mbili, ya pili isivuke alasiri, la sivyo atashinda njia ya choo usiku kucha na kuanguka gizani. Kavedilolo anywe na chakula.

4. Damu. Tarehe ya kupima figo na potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) msiikose hata kama anajisikia mzima.

Maswali

*Dada, mzee wangu hunywa madafu matatu kwa siku. Si maji ya asili tu?*
Dafu limejaa potasiamu, na spironolaktoni na enalaprili zote mbili zinaipandisha. Ikizidi, mapigo yanavurugika, moyo unaweza kusimama ghafla. Mwondolee, hata akinuna.

*Magoti yanamsumbua, dukani wametupa diklofenaki.*
Asiinywe. Inazuia chumvi na maji yasitoke, inaumiza figo. Ibuprofeni vilevile. Ulizeni daktari kuhusu Panadol.

*Anakohoa kikavu tangu aanze enalaprili. Tuiache?*
Msiache kienyeji. Mwambieni daktari, mara nyingi hubadilisha kwenda losartani. Ila akikohoa zaidi akilala chali, akaomba mito mitatu, hayo huenda ni maji mapafuni. Mpelekeni hospitali, kwetu Tanga ni Bombo, usiku huohuo.

*Ramadhani ikifika?*
Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na hali hii kweli ni ugonjwa. Baba alikasirika mwaka wa kwanza. Akitaka kufunga kwa nguvu, aonane na daktari wiki kadhaa kabla, wasijipangie dawa daku na futari peke yao.

*Kaka yupo Ujerumani katuma Entresto, dawa ya moyo yenye sakubitrili na valsartani. Tuongeze juu ya enalaprili?*
Hapana kabisa! Uso na koo vinaweza kuvimba akashindwa kupumua. Daktari akikubali kubadilisha, zipite saa 36 tangu kidonge cha mwisho cha enalaprili. Kwa sasa ifungie kabatini, na boksi lake uende nalo kliniki.