Mwaka wa chuo Ufaransa: karatasi kwanza, treni baadaye

Mwaka wa chuo Ufaransa ni kama miezi tisa tu, na nusu yake ni baridi. Masomo huanza Septemba, mitihani ya muhula wa kwanza huja Desemba au Januari, ya pili Aprili au Mei, na ikifika Juni mabweni yanaanza kuwa matupu. Ukisema utulie kwanza ndipo ushughulikie makaratasi, na baada ya hapo ndiyo uanze kutembea, utashtukia ni Machi na hujavuka hata mkoa. Kwa hiyo nitaanza na makaratasi, ingawa najua wengi mnasoma haya kwa ajili ya treni. Nachukulia kwamba nafasi ya chuo umeshapata na viza imo kwenye pasipoti.

Hiyo viza itazame vizuri kabla hujapanda ndege. Ya mwaka mzima kwa kawaida huandikwa VLS-TS, maana yake inafanya pia kazi ya kibali cha kuishi. Lakini haijakamilika mpaka uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu siku uliyoingia. Unaingia kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ufaransa, unajaza namba ya viza, tarehe ya kuingia na anwani yako, unalipa ushuru kwa kadi ya benki, kisha unapakua hati ya uthibitisho. Hakuna ofisi ya kwenda wala foleni ya kupanga, na ndiyo maana watu husahau: hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Anayepitisha miezi 3 huwa anaishi bila kibali, na mara nyingi hugundua hivyo Desemba, akiwa na tiketi ya kwenda nyumbani na hana uhakika wa kuruhusiwa kurudi. Ifanye wiki ya kwanza. Chapisha nakala mbili, moja ikae ndani ya pasipoti muda wote.

Utakachogundua haraka ni kwamba kila ofisi inataka karatasi ya ofisi nyingine. Benki inataka uthibitisho wa anwani. Bima ya afya na ofisi ya msaada wa kodi ya nyumba, CAF, zinataka namba ya akaunti ya benki, ile karatasi wanayoiita RIB. Mzizi wa yote ni anwani. Kama umefikia kwa shangazi au rafiki wa kaka yako, usione haya kumwomba barua ya kuthibitisha kwamba anakuhifadhi, nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme ya karibuni yenye jina lake. Karatasi hizo tatu kwa pamoja hukubalika karibu kila mahali. Benki ikikukatalia kufungua akaunti, omba barua ya kukataliwa uipeleke Banque de France, benki kuu ya nchi. Sheria inakupa haki ya kuwa na akaunti, na wao wataiteua benki ya kukufungulia.

Jambo linalotuumiza sisi wa Afrika Mashariki hasa ni majina. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Cheti cha kuzaliwa kina matatu, cheti cha shule mawili, pasipoti imeyapanga kivingine. Mfumo wa Kifaransa una visanduku viwili tu, jina la ukoo na majina ya kupewa, na karani akikuta mpangilio tofauti kwenye hati mbili anaona watu wawili. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kila mahali, herufi kwa herufi: chuoni, benki, kwenye mkataba wa nyumba, hata kwenye kisanduku cha barua mlangoni, kwa sababu barua isiyo na jina kwenye kisanduku hurudishwa ilikotoka. Na njoo na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Utakihitaji kujiandikisha kwenye bima ya afya ya taifa, ambayo kwa wanafunzi ni bure. Kama kimeandikwa kwa lugha nyingine, huenda wakataka tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa na mahakama. Bima hiyo hurudisha sehemu ya gharama tu. Kwa daktari wa kawaida ni asilimia 70, hivyo wengi hukata bima ya nyongeza wakiweza. Namba za dharura ni 112 kwa lolote, na 15 kwa gari la wagonjwa.

Nyumba. Chumba cha CROUS, yaani mabweni ya serikali, ukikipata kishike hata kama ni kidogo kiasi cha kufungua jokofu ukiwa kitandani. Ukipanga kwa mtu binafsi, mwenye nyumba atataka mdhamini anayeishi na kufanya kazi Ufaransa, na wengi wetu hatuna. Usilipe kampuni za udhamini kabla ya kujaribu Visale: ni dhamana ya bure, na wanafunzi walio chini ya miaka 31 hukubaliwa. Omba cheti chake kabla hujaanza kutafuta chumba, ili ukitume pamoja na barua yako ya kwanza. Kuna mkataba wa wanafunzi wa miezi 9 kwa nyumba yenye samani. Unalingana na mwaka wa chuo na haukubani majira ya joto. Amana kwa nyumba ya aina hiyo haizidi kodi ya miezi 2 bila gharama za huduma. Bima ya nyumba ni lazima na haina bei kubwa.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo mtapita chumba kizima na mwenye nyumba mkiandika hali ya kila kitu. Usione aibu kuwa msumbufu. Fungua kila bomba, washa kila jiko, piga picha kila doa la ukutani na kila ufa kwenye sinki, na usisaini karatasi mpaka yote yawe yameandikwa. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua amana yako irudi nzima au nusu. Na yeyote anayekutaka utume pesa kabla hujakiona chumba, hata akikutumia picha ya kitambulisho chake, ni tapeli.

Kuhusu msaada wa kodi wa CAF: masharti yake kwa wanafunzi wasio raia wa Ulaya hubadilika, na hata anayeupata halipwi kwa mwezi wa kwanza. Uliza, omba kama una haki, lakini usiuweke kwenye bajeti mpaka uone pesa. Bajeti yenyewe ubalozi umekuwa ukitaka uonyeshe kiasi cha euro 615 kwa mwezi. Kwenye miji kama Poitiers, Clermont-Ferrand au Limoges mtu anaweza kujibana akaishi kwa hiyo. Paris haiwezekani bila mtu wa kukusaidia. Kama bado unachagua kati ya vyuo, maoni yangu ni chagua mji wa kati: kodi ni nafuu, watu wana muda wa kuzungumza na mgeni, na Paris utaenda kuitembelea wikendi. Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, kama asilimia 60 ya kazi ya muda wote. Ila usije ukitegemea kibarua cha mwezi wa kwanza. Kifaransa cha kazini kina kasi yake.

Chakula cha mchana kula kwenye mkahawa wa chuo. Mlo kamili haujazidi euro 3.30 kwa miaka hii, na hupiki kwa bei hiyo ukihesabu na gesi. Unga wa ugali upo: Paris shuka kituo cha Château Rouge, Marseille nenda Noailles, Lyon zunguka Guillotière.

Sasa masomo. Vipindi ni vya aina mbili. Kuna mhadhara mkubwa wa ukumbini, CM, ambako profesa anazungumza saa mbili na wenzako wanaandika kila neno. Huko mara nyingi hakuna anayeita majina. Halafu kuna TD, darasa dogo la mazoezi, ambako mahudhurio huchukuliwa na alama hutolewa. Ukibanwa, ukose CM uazime maandishi ya mwenzako, lakini TD usikose. Ratiba imeandikwa kwa saa 24, hivyo 14h30 ni saa nane na nusu mchana. Ukiwa na usingizi ni rahisi kutega kengele vibaya. Kujiandikisha nako ni mara mbili, kwanza kwa chuo, kisha kwa kila somo kwenye idara. Anayefanya la kwanza akasahau la pili hujikuta hana jina kwenye orodha ya mtihani.

Alama ni juu ya 20, na 10 ni kufaulu. Usivunjike moyo na 12. Huko 14 ni nzuri kweli, 16 hupongezwa, na 20 katika fasihi au sheria karibu haipo duniani. Waeleze mapema wanaokulipia masomo, kabla mzee hajaona 13 akadhani umeharibu. Chuo chako cha nyumbani nacho kikubaliane nawe kwa maandishi, kabla hujaondoka, jinsi alama hizo zitakavyobadilishwa. Mzigo wa kawaida ni krediti 30 kwa muhula.

Mtihani wenyewe ni wa kuandika kwa mkono, saa tatu au nne, kwenye karatasi kubwa ya kukunja yenye kona ya juu unayoandika jina na kuigandisha ili msahihishaji asikujue. Wanachotafuta ni mpangilio kabla ya wingi wa habari. Insha yao inataka utangulizi unaoishia kwenye swali moja, kisha sehemu mbili au tatu zinazolijibu kwa hatua. Wanasheria hushikilia mbili, kila moja na vipande viwili. Aliyezoea kumwaga kila anachokijua kama tulivyofundishwa kidato cha sita atapata 8 akiwa amejibu yote. Omba karatasi za miaka iliyopita, fanya moja ndani ya Oktoba, mpelekee mwalimu wa TD aitazame. Barua pepe ianze na *Bonjour Madame* au *Bonjour Monsieur*. Salamu kwanza, shida baadaye. Hilo angalau halitakuwa geni kwetu.

Lugha haiji kwa kukaa nchini tu. Jioni zote za wageni wa programu ya kubadilishana huisha kwa Kiingereza. Jiunge na timu ya mpira, kwaya, chama cha kupanda milima, popote Wafaransa wanapokutana bila wewe kuwa ndiyo mada. Aliye Paris ana njia nyingine: chuo cha INALCO kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake hutafuta watu wa kubadilishana nao maongezi.

Haya, treni. Kama una miaka 12 hadi 27, nunua Carte Avantage Jeune, kadi ya punguzo ya SNCF, shirika la reli la Ufaransa. Imekuwa euro 49 kwa mwaka na inakata asilimia 30 kwenye nauli za TGV, treni za mwendo kasi. Safari mbili ndefu zinairudisha. Bei ya TGV hupanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo tiketi ya Krismasi na ya likizo ya Februari inunuliwe mapema, na siku za Jumanne na Jumatano ni nafuu kuliko Ijumaa jioni. OUIGO, treni za SNCF hiyo hiyo, ni za bei ya chini zaidi, lakini begi kubwa hulipiwa zaidi. Treni za mkoa, TER, hazina presha hiyo, na mikoa mingi ina punguzo kubwa kwa vijana. Ikishindikana yote, kuna mabasi ya usiku, na kuna BlaBlaCar, kupewa lifti kwa kuchangia mafuta, ambayo pia ni saa nne za mazoezi ya Kifaransa.

Stesheni, namba ya jukwaa huonekana kwenye ubao kama dakika 20 tu kabla, na kundi zima huondoka kwa pamoja kama limepigwa filimbi. Angalia namba ya behewa kwenye tiketi, kwa kuwa TGV mbili zikiunganishwa huwezi kupita ndani kutoka moja hadi nyingine. Milango hufungwa dakika 2 kabla ya saa ya kuondoka, na haifunguliwi kwa machozi. Kumbuka pia kwamba stesheni ya Gare de Lyon iko Paris. Ukienda Lyon unashukia Part-Dieu, kama saa mbili baadaye. Kukiwa na mgomo, ratiba halisi ya kesho hutolewa leo jioni, na tiketi ya treni iliyofutwa hurudishiwa pesa.

Ukiwa na viza iliyothibitishwa unaweza kuzunguka nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180: Barcelona, Brussels, Roma, na Uswisi pia. Uingereza na Ireland hazimo, wenye pasipoti zetu tunahitaji viza yao, hata kama London ni saa mbili na robo tu kutoka stesheni ya Gare du Nord, Paris. Mayotte na Réunion nazo, ingawa ni Ufaransa, ziko nje ya Schengen. Soma kilichoandikwa kwenye viza kabla ya kulipia ndege. Beba pasipoti na ile hati ya uthibitisho, kwani mipakani polisi hupanda treni na mabasi ya usiku kukagua.

Makumbusho ya taifa, Louvre na Orsay yakiwemo, huwa bure kwa mkazi wa Ulaya mwenye miaka 18 hadi 25, na viza ya muda mrefu inakufanya mkazi. Lakini ukiniambia nichague safari moja kwa mtu wa pwani, nitasema Marseille. Wakomoro ni wengi sana pale, na ukipita Noailles asubuhi utasikia maneno unayoyaelewa nusu nusu, kofia zile zile na harufu ya viungo ya nyumbani, halafu ukishuka mtaa mmoja uko bandarini.

Mwisho wa mwaka, andika barua ya kuhama mwezi 1 kabla kama mkataba hauishi wenyewe, na uache akaunti ya benki wazi mpaka amana irudi. Orodha rasmi ya alama uidai yenye muhuri, nakala mbili, kabla ya katikati ya Julai. Baada ya hapo ofisi za chuo hufungwa, na barua pepe zako zitasubiri mpaka mwisho wa Agosti.