Kuchagua kamera ya renjifainda kwa hela ndogo, na kuipima kabla hujaiamini

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja nyumbani na bahasha ya picha, uso umemshuka. Alikuwa amenunua Zorki 4, kamera ya zamani ya Kisovieti, mtandaoni, akaenda nayo kwenye ndoa ya dada yake, akamaliza mkanda mzima wa picha 36, na uliposafishwa karibu nyuso zote zikatoka ukungu. "Anko, lensi mbovu hii." Nikamwambia nipe ile ya bibi aliyekaa kwenye kochi. Bibi ukungu, lakini pazia la nyuma yake limetoka safi kabisa, maua yake unayahesabu. Basi hapo lensi ni nzima, kamera ndo ilikuwa inamdanganya umbali. Tukakaa nayo jioni mbili mpaka ikakaa sawa, na naandika hapa mambo yote niliyomwambia, maana kuna wengi wanataka kuingia kwenye kamera hizi na hela yenyewe ya kubahatisha hawana.

Kwa asiyejua, renjifainda ni kamera ambayo huchungulii kupitia lensi. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, katikati yake kuna kidoa, mara nyingi cha njano, ndani ya kidoa unaona kitu kimoja mara mbili, unazungusha lensi mpaka hizo mbili zinakuwa moja, hapo umefokasi. Uzuri wake ni ndogo, kimya, haina kioo kinachoruka ndani. Ubaya wake ni kwamba kamera ikikosea haikwambii, utaijua siku picha zimesafishwa.

Hatua ya 1: Lensi moja au lensi za kubadilisha

Kama ni kamera yako ya kwanza ya filamu na hela ni ya mara moja, nunua yenye lensi isiyotoka. Hapo sina mjadala mrefu. Lensi na mwili vimetoka kiwandani pamoja, hamna adapta, hamna kugombana na viwango vya nchi mbili.

Ninayoipenda kuliko zote ni Canonet QL17 GIII, Canon walianza kuitoa 1972. Lensi yake ni 40mm f/1.7 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), unaweza kuiacha ichague apacha, yani ukubwa wa tundu hilo, yenyewe au ukaweka kila kitu kwa mkono, na betri ikifa shata, yani mlango wa ndani unaofunguka kupitisha mwanga, inaendelea kupiga kama kawaida. Hiyo ya mwisho ndo inanifanya niiweke juu ya Yashica Electro 35. Electro ina lensi tamu sana, 45mm f/1.7, na bei yake mara nyingi ni nafuu, ila spidi ya shata inachagua yenyewe, wewe unaweka apacha tu, na bila betri inabaki kwenye 1/500 ya sekunde basi. Ukikuta Electro, vuta mkono wa filamu taratibu usikilize, inatakiwa usikie mlio wa "klok" ndani. Usipousikia, kuna kipedi cha mpira ndani kimeshaoza, na kukibadilisha ni kazi ya kufungua kamera. Olympus 35 RC nayo nzuri, ndogo kweli kweli, lensi yake ni f/2.8 kwa hiyo usiku itakubana kidogo.

Hatua ya 2: Betri

Canonet ilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka alkalaini ya volti 1.5 inaingia vizuri tu lakini kipimo cha mwanga kinakudanganya. Mimi natumia betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, za volti 1.4, naizungushia kipete ikae katikati. Haziishi muda mrefu ukishabandua stika, ila zinapima vizuri. Electro ilikuwa na ya volti 5.6, wewe weka 4LR44 ya volti 6 na springi ya kujazia nafasi, itafanya kazi.

Hatua ya 3: Ukitaka za kubadilisha lensi

Jifunze neno moja: M39. Ni lensi za kufunga kwa skrubu ya milimita 39, Leica walizitumia tangu miaka ya 1930, halafu Warusi na Wajapani wakafuata. Ukiwa na mwili wa M39 unafungukiwa na lensi za Leica, Canon, Jupiter na Industar za Kisovieti, na hata za Voigtländer za juzi juzi.

Miili ya bei ya chini ni ya Kisovieti. FED 2 ilitoka Kharkiv, Ukraine, kuanzia 1955. Zorki 4 ilitoka Krasnogorsk karibu na Moscow, kuanzia 1956 mpaka 1973. Mimi nachagua Zorki 4 kwa sababu kidirisha chake ni kikubwa na kina kirekebishi cha macho, na hapa nyumbani tunaovaa miwani tupo wengi. FED 2 inaishinda kwa upana kati ya madirisha mawili, milimita 67, yani inapima umbali kwa uhakika zaidi. Yoyote kati ya hizo mbili nzuri. Kiev 4 usinunue kwanza, siyo mbaya, ila haipokei M39 na fundi wa kuifungua utamtafuta sana.

La kushika kwa Zorki 4, na usilisahau hata siku moja: KOKI KWANZA, yani vuta filamu mbele shata ijikaze, ndo ubadilishe spidi. Ukizungusha spidi kabla hujakoki unaweza kuvunja mambo ndani.

Ukiwa na hela zaidi kidogo nenda Canon P, ilitoka mwisho wa miaka ya 1950, kidirisha chake kinaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, unapiga macho yote mawili yakiwa wazi. Pazia lake la shata ni la chuma na nyingi zimejikunja kunja, zinafanya kazi hivyo hivyo, usiogope. Au Bessa R ya mwaka 2000, ambayo ina kipimo cha mwanga ndani.

Leica ya M utaipenda, wote tunaipenda, lakini hela ya mwili mmoja wa M6 inanunua Canonet, Canon P na filamu za miaka. Na ukiona "Leica" ya zamani imepakwa dhahabu, ina maandishi ya jeshi la Ujerumani na bei ni ya kutupa, hiyo karibu hakika ni FED au Zorki iliyochongwa jina upya.

Hatua ya 4: Maswali kwa muuzaji

Omba video, sio picha. Video ya shata ikipiga spidi zote, video ya lensi ikimulikwa na tochi kutokea nyuma. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, achana nayo. Ukiona kama pumzi ya mtu imetua kwenye kioo, hiyo ni hezi, na lensi za zamani za Canon 50mm zinayo sana kwenye kioo cha nyuma ya apacha, nyingine inafutika na nyingine imeshakula kioo.

Kwa zenye pazia la shata la kitambaa, ukiipata, toa lensi, mulika tochi chumba kikiwa giza uangalie kwa nyuma kama kuna vitobo. Kamera hizi hazina kioo cha kuzuia, kwa hiyo lensi ikielekezwa kwenye jua inachoma pazia kama lenzi ya mtoto inavyochoma karatasi. Kwa jua letu hili, kifuniko cha lensi kiwe juu muda wote hupigi.

Nilishanunua moja kwa muuzaji aliyeandika "imepimwa, inafanya kazi", ikafika shata imeganda. Toka siku hiyo bila video sinunui.

Hatua ya 5: Pima kidoa. Hapa usiruke

Hapa ndo nilipoteza usiku mzima miaka ile na kamera yangu ya kwanza, na ndo hapa mpwa wangu alikwama, kwa hiyo vumilia.

Kwanza weka lensi mwisho kabisa, kwenye alama ya mbali isiyo na mwisho. Chungulia kitu cha mbali sana. Watu wanapima kwa nyumba ya jirani, hapana, ni karibu mno. Tumia mnara wa simu wa kilomita kadhaa, au mwezi. Sisi tulipanda juu ya nyumba na Zorki, nikachungulia mwezi, nikaona miwili imekaa bega kwa bega, inagusana pembeni tu. Kwenye kamera iliyo sawa ungekuwa mmoja.

Sasa, USIANZE kurekebisha kidoa. Hili ndo kosa langu. Nilizungusha skrubu mpaka kidoa kikakaa sawa, nikapiga mkanda, ukungu tena, nikarudi nikazungusha tena, kumbe lensi yenyewe haikuwa inafika mbali inapotakiwa. Lensi za Jupiter zimefunguliwa na mafundi wengi katika maisha yake, ndani kuna vipete vyembamba vya kupanga umbali, na fundi akisahau kimoja basi. Ukiweka kidoa kifuate lensi iliyokosea utakuwa unakimbizana na kosa. Kwa hiyo lensi kwanza, kidoa baadaye.

Kupima lensi: Zorki 4 na FED 2 mgongo wote unatoka, fungua. Utaona reli zinazozunguka lile dirisha la picha. Reli za ndani ndo filamu inapita juu yake. Hapo unaweka kitu cha kupokea picha. Wengi wanasema tresing pepa. Mimi naishi pwani na nakwambia usitumie, unyevu unaifanya ijikunje katikati, robo milimita tu tayari umedanganyika, na mimi ndivyo nilivyodanganyika usiku ule. Chukua kava la CD la plastiki, kata kipande kinachokaa bapa juu ya reli za ndani bila kugusa za nje, sugua upande mmoja kwa msasa laini na maji mpaka uwe kama kioo cha bafuni. Upande uliosuguliwa uangalie lensi. Kosea hapo, uweke upande wa pili, na unene wa plastiki wote unaingia kwenye kipimo chako.

Weka shata kwenye B (inakaa wazi muda wote umebonyeza), koki, bonyeza, mtu akushikilie kitufe au tumia waya wa kubonyezea wenye kufuli. Fungua apacha mpaka mwisho, f/2 kwa Jupiter-8. Elekeza kwenye mnara, jifunike kitambaa cheusi, angalia kwa kioo cha kukuzia. Utaona mnara umepinduka miguu juu, usishtuke. Lensi ikiwa mwisho wa mbali mnara uwe safi, hata nyaya zake uzione. Kama unakuwa safi kabla ya kufika mwisho, au haufiki kabisa, shida ni lensi, itafutie fundi au jaribu lensi nyingine kwanza.

Ya mpwa wangu ilikuwa safi. Basi ndo tukaenda kwenye kidoa. Mbele ya Zorki 4, kati ya madirisha, kuna kiskrubu kidogo cha kufunika tundu, kitoe, ndani kuna skrubu nyingine, hiyo ndo ya kushoto na kulia. Bisibisi ya fundi saa, iwe nyembamba, na uzungushe kidogo kidogo, kama mkono wa saa ukisogea dakika tano, uangalie, tena. Kama picha mbili zimepishana juu na chini, kile kioo kidogo cha duara cha dirisha la pembeni ndo kinazungushwa, ila ukikigusa ile ya kushoto na kulia nayo inahama, kwa hiyo unaenda huku unarudi kule mara tatu nne.

Ukimaliza mbali, pima karibu. Futi ya fundi cherehani, mita 1 kamili kutoka kwenye filamu, sio kutoka mbele ya lensi. Weka gazeti limelala kwa mshazari, fokasi mstari mmoja kwa kidoa, halafu angalia kwenye plastiki ni mstari upi umetoka safi. Ukipishana kidogo sana, kubali. Ukipishana sana na mbali iko sawa, usikipinde kile kimkono cha ndani kinachoguswa na lensi, mpelekee anayezijua.

Canonet na Electro plastiki yako itafanya kazi hivyo hivyo, ila kugusa kidoa cha Canonet ni mpaka utoe kofia ya juu, na kama hujawahi, usianzie hapo.

Hatua ya 6: Lensi

50mm f/2 moja inatosha mwaka mzima. Jupiter-8 ndo chaguo langu, nyuso inazitoa laini, na Industar-61 ya f/2.8 ukitaka mistari mikali na bei ya chini zaidi. Usihangaike na f/1.5, kina chake, yani sehemu ya picha inayotoka safi, ni chembamba na kosa lolote la kidoa linaonekana. 35mm ya bei ndogo ni Jupiter-12, f/2.8, ila kioo chake cha nyuma kinachomoza sana ndani, kwa hiyo usiifunge kwenye mwili usio wa Kisovieti kabla hujahakikisha inaingia.

Na ukiweka Jupiter kwenye Canon P au Leica, jua Warusi walipiga hesabu zao kwa kipimo tofauti kidogo. Mbali itakuwa sawa, karibu na apacha wazi itapotea. Funga mpaka f/5.6 au piga kuanzia mita mbili hivi.

Hatua ya 7: Filamu na kutunza

Jaza filamu, piga. Mkanda wa kwanza uwe wa ISO 200 (wepesi wa filamu kupokea mwanga), maana jua la mchana ni f/16 kwa 1/250 au iliyo karibu nayo, na Canonet inaishia 1/500. Usiupeleke kwenye harusi ya mtu. Piga nyumbani, mita 1, mita 3, mbali, apacha wazi, uandike kila picha kwenye daftari.

Tulipopiga hivyo na mpwa wangu, ya nane ilikuwa bibi, kochi lile lile. Safari hii kope zake zinaonekana na pazia ndo ukungu.

Kwa wa pwani: mfuko wa ngozi uliokuja na kamera usiuhifadhie kamera, unakaa na unyevu na fangasi inaanzia humo. Chukua kontena la plastiki la kufunga kabisa, pakti za silika, na uzibadilishe zikishalowa. Lensi itoke kila wiki ipate mwanga.