Jiandae kabla mawingu hayajatanda

Kosa langu la miaka mingi lilikuwa kusubiri mvua ishike kasi ndipo nianze kuhangaika na sonona ya msimu, yaani unyonge na huzuni inayonirudia kila msimu wa mvua. Wakati huo hata kutafuta soksi ni kazi. Siku hizi najiandaa jua lingali linawaka, na sehemu kubwa ya maandalizi ni kuamua mapema mambo ambayo baadaye nitashindwa kuyaamua.

La kwanza ni mwanga. Jicho likipata mwanga wa asubuhi, ubongo hupunguza melatonini, homoni inayouarifu mwili kuwa ni usiku. Asubuhi zikiwa za giza, saa ya mwili huyumba: usingizi hauishi, hamu ya wanga na vitu vitamu inapanda, kazi ndogo inageuka mlima. Wengi hudhani siku ya mawingu haina mwanga wa maana. Unao. Mchana, nje, hata wingu likiwa zito mwanga kwa kawaida hupita luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali sebule yenye taa huwa na mia chache tu. Basi sogeza kiti chako dirishani sasa, na panga kutoka nje kila asubuhi, manyunyu au hakuna.

Kutoka kwenyewe kunahitaji koti. Langu lilikaa chini ya kabati, juu yake sanduku la nguo. Kila asubuhi nilitazama mvua, nikalifikiria lile sanduku, nikajifunika tena blanketi. Mwaka uliofuata nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, viatu vya mpira chini yake. Ni hilo tu nililobadilisha, na nikawa natoka.

Saa ya kuamka iwe moja, hata siku za mapumziko. Pombe ipunguze, inaleta usingizi kisha inauvuruga.

Halafu tafuta mtu mmoja umwambie kabla. Mimi nilimwambia rafiki yangu hivi: "Ukiona nimekaa kimya siku tatu, usiniulize kama niko salama, maana nitakudanganya. Njoo tutoke."

Zipo pia taa maalumu za luksi 10,000, ambazo watu hukaa mbele yake kama dakika 30 asubuhi. Muone daktari kwanza kama una ugonjwa wa macho, au umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kwa sababu taa hizo zinaweza kuvirudisha.

Sonona ya msimu ni ugonjwa, si uvivu. Daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu huko Marekani mwaka 1984. Huzuni ikikukalia karibu kutwa nzima kwa wiki mbili, nenda hospitali. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje hata siku moja. Namba ya daktari na ya dharura ziandike leo kwenye karatasi, uibandike ukutani karibu na kitanda, ili uione hata simu ikiisha chaji.