Kutoka Tanga mjini kwa siku moja au tatu: angalia mwezi na mvua kwanza

Watu wengi wakija Tanga wanapanga kwa ramani tu, leo Amboni kesho Maziwe keshokutwa Lushoto, halafu wanashangaa mambo hayaendi. Mimi kila ndugu anayekuja namwambia aanze na kalenda ya mwezi, sababu baharini maji ndo yanapanga ratiba na milimani mvua ndo inapanga.

Tuanze na Maziwe, hapa ndo watu wanapoumia. Ni fungu la mchanga baharini mbele ya Ushongo, kusini ya Pangani. Zamani kilikuwa kisiwa kabisa chenye miti na kasa wanataga pale, miti ikaisha, mawimbi yakala mchanga, sasa hivi maji yakijaa unaona bahari tupu. Kwahiyo siku ya kwenda haichaguliwi na wewe. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi, mnatoka na boti mapema, mnafika mchanga uko wazi, mnaogelea kwenye matumbawe na kurudi maji yakiwa yanajaa taratibu. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, saa nne hiyohiyo maji ndo yamejaa. Niliwahi kwenda na wadogo zangu bila kuangalia, nahodha akatuchukua tu hakusema kitu, tulipofika hata pa kukanyaga hamna, watoto walinyong'onyea na hela imeshaenda. Siku hizi kabla ya bei nauliza leo bamvua au maji mafu, nahodha akibabaika natafuta mwingine. Hesabuni na maboya ya kuvaa kabla boti haijatoka, msione aibu. Upepo wa kusi ukivuma sana, mwezi wa sita na wa saba, ahirisheni.

Ili muiwahi hiyo saa nne laleni Pangani au Ushongo, toka Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita 50. Na jioni ya kufika msikae tu hotelini, tembeeni mji mkongwe wa Pangani, zile nyumba za zamani na boma, hapo ndo Wajerumani walimnyonga Abushiri, aliyeongoza vita dhidi yao, Desemba 1889. Njiani mnapitia Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, saa moja inatosha kabisa. Maji ya hapo ndo meli moja ya Vasco da Gama iliishia 1499, Wareno wenyewe waliichoma.

Kama una nusu siku tu, nenda mapango ya Amboni, ni karibu sana na mjini, bajaji inafika. Beba tochi yako, vaa viatu vinavyoshika maana ndani panateleza, na mtakapooneshwa sehemu watu wanapoweka sadaka zao msichezee vitu wala kucheka, kuna watu wanakuja pale na shida zao za kweli.

Sasa milima. Amani, ule msitu wa hifadhi, unapitia Muheza (machungwa nunua wakati wa kurudi, ukinunua kwenda utayabeba bure), kutoka hapo barabara ni ya vumbi na inapanda, masika gari dogo linakwama kwahiyo mwezi wa nne na wa tano usilazimishe. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja ila utaona haraka haraka, na ule msitu unataka utulivu, vinyonga wenyewe mpaka uonyeshwe na mwongozaji ndo unawaona, bustani ya miti waliyoanzisha Wajerumani 1902 nayo peke yake inakula asubuhi nzima. Lala usiku mmoja.

Lushoto ndo kabisa usiifanye ya siku moja, nakusihi. Mpaka Mombo tu umeshakaa kwenye gari masaa, bado ile mikunjo ya kupanda, mwenye kichefuchefu akae mbele. Usiku mbili ndo chini kabisa: siku ya kwanza pumzika na zunguka sokoni, ya pili amka mapema utembee kwa mguu mpaka Irente, ukifika unaona nyika yote ya Mombo chini yako. Sisi wa pwani tunasahau sweta kila mara, mwezi wa saba kule baridi inauma. Basi la kurudi Tanga kata tiketi siku moja kabla, yanaondoka asubuhi.