Namna ya Kuandika Hadithi ya Mkaza Mwana wa Kihindi

Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kusimulia habari za msichana wa Kihindi aliyechaguliwa mume na wazazi wake ana bahati ambayo waandishi wengi wageni hawana, kwa kuwa posa, mshenga, hina, wifi na mama mkwe ni mambo anayoyajua tangu utotoni, na wasomaji wake pia wanayajua. Bahati hiyo hiyo humponza, kwa sababu maneno yanayofanana huficha desturi zisizofanana. Katika miswada ya aina hii niliyopewa niisome nimekutana mara nyingi na bibi arusi wa Kigujarati ambaye kwa kweli ni bibi arusi wa Mombasa aliyevishwa sari. Kosa la pili naliona kubwa zaidi: muswada hutumia kurasa 80 kwenye uchumba na harusi, kisha hufikia tamati msichana anapovuka kizingiti cha nyumba ya mumewe, ilhali hapo ndipo maisha yanayopaswa kusimuliwa yanapoanza. Katika maelezo haya nitashika mfano mmoja tu, wa familia ya Kihindu ya wafanyabiashara katika eneo la Saurashtra, magharibi ya Gujarat, mwaka 1968, na msichana wetu atakuwa na umri wa miaka 16.

Anza kwa kuamua mahali, jamii na mwaka, tena uamue kabla hujampa msichana jina. Katika nyanda za kaskazini mwa India familia nyingi za Kihindu haziozi mtu wa ukoo mmoja wala wa kijiji kimoja, hivyo msichana hupelekwa mahali ambapo hamjui hata mtu mmoja. Kusini, katika Tamil Nadu na Andhra Pradesh, jamii nyingi zimezoea tangu zamani kuwaoza watoto wa mjomba na wa shangazi, na mama mkwe anaweza kuwa shangazi yule yule aliyembeba bibi arusi mgongoni alipokuwa mchanga. Kwa Wakhasi wa Meghalaya binti mdogo ndiye mrithi, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Hizo ni riwaya tatu tofauti. Hofu ya kuingia katika nyumba ya wageni, ambayo hubeba riwaya nzima ya kaskazini, haina nafasi katika ile ya kusini, ambako huenda uchungu ukatoka kwenye jambo jingine kabisa, kwa mfano shangazi mpendwa anayebadilika siku ya pili baada ya harusi.

Mwaka nao hubadilisha mengi kuliko mavazi. Sheria ya India ya 1929 iliweka umri wa chini wa msichana kuolewa kuwa miaka 14. Mwaka 1949 ukapandishwa hadi 15. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya 1955 ikashika 15 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Na mwaka 1978 ikawa 18 na 21. Kwa hiyo msichana wetu wa miaka 16 anaolewa kihalali mwaka 1968. Mhamishie mwaka 1980, bila kugusa jambo jingine lolote, na familia nzima inakuwa imevunja sheria: lazima pawe na padri wa Kihindu aliyekubali kunyamaza, au mjomba aliyetaja umri wa uongo, na lazima hadithi iwabebe watu hao. Angalia pia umri wa mama mkwe. Kama aliolewa mwaka 1934 akiwa na miaka 13, usimfanye mvunja sheria, kwa sababu Saurashtra wakati ule ilikuwa chini ya wafalme wadogo wengi, na sheria ya 1929 ilikuwa ya maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza moja kwa moja. Lakini ikumbuke miaka hiyo 13, maana tutaihitaji.

Sasa tufike kwenye neno linalopotosha kuliko yote. Usiite dahej kuwa ni mahari. Kwetu mahari hutoka kwa mume, na msomaji akiliona neno hilo ataona fedha zikienda upande wa bibi arusi, ambapo dahej hutoka kwa wazazi wa msichana na kwenda kwa familia ya mume. Waislamu wa India wana mehr, ambayo ndiyo mahari tunayoijua, ingawa hata kwao dahej inaweza kudaiwa pembeni. Liache neno dahej lilivyo, lieleze mara moja kwa tendo, kisha uendelee kulitumia bila kulitafsiri. Dahej ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1961, na wengi walioitaka wakaendelea kuitaka huku wakiiita zawadi. Basi mwaka 1968 hakuna mtu katika nyumba yako atakayelitamka neno hilo mbele ya wageni. Watazungumzia cherehani. Watauliza kama baba ana nia ya kumpa binti yake kabati la chuma, na kama bangili ni sita au nane. Msichana awe upande wa pili wa ukuta, akisikia nambari zinavyopanda, naye ana wadogo zake wawili wa kike wanaolala chumba kimoja naye. Hapo huna haja ya kuandika kwamba alijiona mzigo.

Siku ya kuonwa iandike kwa ufupi. Nyota zimekwisha kulinganishwa na mnajimu, ambaye huhesabu alama 36 na kwa kawaida huhitaji zisipungue 18; wageni wameketi; msichana analeta sinia ya chai. Waandishi wengi humfanya ainue macho na kupigwa na mapenzi, au humfanya atetemeke kama kondoo wa kuchinjwa. Mimi ningemwacha aone kile ambacho mtu aliyeinamisha kichwa huweza kukiona: miguu, pindo za suruali, viatu vilivyoachwa mlangoni, na kisigino kimoja kilicholiwa upande wa nje. Akiulizwa kama amekubali, ajibu ndiyo, na ndiyo hiyo iwe na maana. Anajua dada wa rafiki yake aliyekataa mara mbili, anajua afya ya baba yake, na pia ana hamu ya kweli ya kuwa mtu mzima mwenye nyumba. Msichana asiye na utashi wowote hachoshi msomaji tu, bali huwadhulumu wanawake wengi halisi waliopima mambo yao kwa akili ndani ya nafasi finyu waliyopewa.

Harusi nayo, chagua vitu viwili au vitatu na uviache vingine vipite. Jihadhari na filamu, kwa kuwa mizunguko saba ya kuuzunguka moto unayoiona humo si desturi ya kila mahali. Wagujarati huzunguka mara nne, kisha hufuata hatua saba. Bibi arusi wa Kigujarati huketi akiwa amevaa panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu ambayo kwa desturi huletwa na mjomba wake, kisha hufunikwa gharchola, nguo inayotoka kwa wakwe. Kwa kitambaa kimoja juu ya kingine umeeleza safari nzima. Baada ya kufika kwa mume kuna mchezo wa aeki-beki: pete hutumbukizwa katika sinia ya maji yaliyochanganywa na maziwa na rangi nyekundu, na maharusi huitafuta kwa mikono mara saba, na anayeipata mara nne husemwa kwamba ndiye atakayetawala nyumba. Uutumie mchezo huu. Ndiyo mara ya kwanza vidole vyao kugusana bila mtu kuamuru, na ndani ya maji yale mazito mume anaweza kuisogeza pete kuelekea kwa msichana, naye msichana akajua kwamba amesogezewa.

Kuanzia hapo punguza mwendo. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi: nani analala wapi, nani anakula lini, nani anajifunika mbele ya nani. Kiswahili kina neno shemeji, na hapa litakupotosha, kwa sababu kaka mkubwa wa mume, yaani jeth, na mdogo wake, yaani diyar, wako mbali kama usiku na mchana. Mbele ya jeth na baba mkwe msichana hushusha sari usoni wala hasemi nao. Diyar anaweza kutaniana naye, kumtuma chai, kumletea pipi kwa siri kutoka sokoni. Mke wa jeth, anayeitwa jethani, ametangulia kuingia nyumbani na atakuwa mwalimu au mpinzani wake, na mara nyingi vyote viwili kwa siku moja. Wifi ambaye hajaolewa ana sauti kubwa kuliko mkaza mwana mpya, lakini naye anajua kwamba mwakani au mwaka unaofuata atakuwa vahu, yaani mke wa mwana, katika nyumba ya watu. Msichana hamwiti mumewe kwa jina, na yeye mwenyewe ataitwa vahu, mpaka siku moja msomaji ashtuke kugundua kwamba kwa kurasa nyingi hajalisikia jina lake.

Mamlaka ya nyumba hii yamo jikoni. Nitaweka hapa kipande kifupi nilichokiandika kwa ajili ya kuonyesha ninachokusudia. Rotli ni chapati nyembamba ya Kigujarati, ambayo ikipikwa vizuri huvimba nzima juu ya moto.

«Jiko lilikuwa chini, naye alikuwa amechuchumaa mbele yake tangu saa tano. Baba mkwe alikula kwanza, akafuata jeth, kisha mumewe, na rotli zilitoka motoni moja moja, zikapakwa samli na mama mkwe, zikapelekwa zingali zimevimba. Ya saba ilitoboka. Hakuna aliyesema neno. Mama mkwe aliishika kwa ncha za vidole, akaiweka kando kwenye sahani ya bati, na msichana akajua sahani ile ni ya nani.»

Katika kipande hicho hakuna anayepigwa wala kutukanwa. Ukatili wa wazi upo katika maisha na unaweza kuwa ndio habari yako. Ukiuandika, kumbuka kwamba kifungu cha kanuni ya adhabu ya India kinachohusu hasa ukatili wa mume na jamaa zake kiliongezwa mwaka 1983, hivyo msichana wa 1968 hana sheria mahususi ya kuegemea. Lakini nyumba nyingi huongozwa kwa sahani kama ile, na mwandishi anayeruka moja kwa moja kwenye kofi hupoteza mambo mia yaliyotangulia.

Mama mkwe mpe funguo za stoo kiunoni na umpe historia. Huyu ni mwanamke aliyeletwa hapa akiwa na miaka 13, aliyelia kwa ajili ya mama yake katika chumba hiki hiki, na ambaye baada ya miaka 34 amepata mtu mmoja duniani wa kumwamuru. Mpe mahali pa wema usiotarajiwa. Katika familia nyingi za Kihindu za wakati ule mwanamke aliye katika siku zake alikaa kando siku tatu, asiguse jiko wala mahali pa ibada. Jambo hili liandike kwa adabu lakini usiliogope, kwa sababu kila mtu nyumbani hulijua, na ndiyo sababu habari za mimba hazihitaji kutangazwa: mwezi ukipita bila msichana kuketi kando, nyumba nzima huwa imekwisha kuhesabu. Siku hizo tatu ni fedheha na pia ni mapumziko pekee ya mgongo wake. Mama mkwe anaweza kumwachia hapo mtungi wa maji na embe moja lililomenywa, aondoke bila kusema kitu.

Mume usimfanye jini wala mwokozi. Ana miaka 22, anauza vitambaa katika duka la baba yake bila mshahara, na mchana hawezi kuzungumza na mkewe mbele ya wakubwa. Wanafahamiana usiku, kwa sauti ya chini, kwa maneno madogo kuhusu deni la mteja au bei ya taa.

Kama unataka hadithi ifike kwetu, mlango uko wazi, maana familia nyingi za Saurashtra na za Kutch, eneo jirani yake, zilikuwa na jamaa Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala, na vijana walirudi kutafutiwa wake. Ila kwa mwaka 1968 kuwa mwangalifu: sheria ya uhamiaji ya Kenya ya 1967 iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na mwezi Machi 1968 Uingereza ikawafungia mlango wengi wenye pasi zake. Mchumba wa Nairobi, ambaye miaka kumi nyuma angegombewa, sasa anaulizwa maswali marefu kuhusu pasi.

Barua zitumie kwa uchache. Karatasi ya buluu ya posta, ile inayokunjwa na kugundishwa, hufika dukani, na baba mkwe huisoma kwanza. Basi msichana na mdogo wake wapatane kabla ya kuagana: akiandika kwamba mrehani wa uani unastawi, yu salama; akisema umekauka, mambo ni mabaya. Kisha, katikati ya riwaya, aandike kwamba mrehani umechipua upande mmoja.

Hadithi yetu ningeimalizia mwezi wa saba wa mimba ya kwanza, baada ya sherehe ya shrimant, ambapo kwa desturi msichana hurudi kwao kujifungua. Anafika piyar, nyumba ya wazazi, baada ya mwaka na nusu wa kuiota. Mama amehamisha vyombo. Wadogo zake wanamwekea mkeka na kumkataza kuingia jikoni, kwa kuwa sasa ni mgeni. Usiku kiu inambana, anaamka gizani na kupapasa ukuta akiutafuta mtungi mahali ulipokuwa siku zote, na mkono wake unakwenda, bila yeye kuuelekeza, kushoto, kwenye kona ambayo mtungi huwekwa kwa mama mkwe.