Jinsi ya kuanzisha mpango wa kuwaepusha vijana na uhalifu

Anzeni na vijana 10 hadi 15 tu. Msiwachague kwa mavazi wala kwa mtaa wanaotoka. Angalieni utoro wa shuleni, kulala nje ya nyumbani, kukamatwa kwa mara ya kwanza. Kijana mwenyewe aridhie, kwani anayeburutwa hatakaa.

Kila mmoja apewe mshauri mtu mzima, aliyechunguzwa rekodi yake ya makosa, hasa dhidi ya watoto. Wakutane kila wiki kwa mwaka mzima angalau. Hapa ndipo mipango mingi huvunjika: mshauri huchoka mwezi wa 3, na kijana aliyekwisha kuachwa na watu wengi huumia upya. Heri asubiri mshauri wa kudumu kuliko kupewa wa kupita. Kwa hiyo wapigieni washauri simu kila mwezi, na wa akiba wawepo.

Msiwarundike waliokwisha kukosa peke yao bila msimamizi, watafundishana. Na ziara za gerezani za kuwatisha, zilizovuma Marekani tangu miaka ya 1970, zilipopimwa zilionekana kuongeza makosa. Ziacheni kabisa.

Shughuli ziwekwe baina ya kutoka shule na wazazi kurudi kutoka kazini, saa ambazo kijana hana wa kumwangalia.

Siri zake zisifike polisi, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mwelezeni mpaka huo siku ya kwanza, kabla hajasema lolote.