Modemu ya USB kwenye Linux: soma hapa kabla ya kunipigia

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini modemu "haisomi" kwenye Ubuntu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrushia linki. Ninayotumia ni Huawei E173.

1. Weka laini yenye bando. Kama ina PIN, itoe kwanza kwa simu. Ukikosea mara tatu unadaiwa PUK.

2. Chomeka kwenye kompyuta yenyewe, habu (kile cha kugawa tundu za USB) weka pembeni.

3. Hapa ndipo nilipoboronga. Fungua terminali, andika `lsusb` (inaorodhesha vilivyochomekwa kwenye USB). Ukiona 12d1:1446, modemu bado inajifanya CD, na CD haipigi intaneti. Weka kitu cha kuigeuza:

`sudo apt install usb-modeswitch`

(Huna intaneti ya kupakulia? Unganisha simu kwa waya, washa kushea intaneti.) Chomoa modemu, hesabu hadi kumi, chomeka, rudia `lsusb`. Namba ya baada ya nukta mbili lazima ibadilike. Yangu huwa 1436. Isipobadilika usiende hatua ya 4, utapoteza jioni yako bure.

ONYO: kuna maelekezo ya zamani yanayokwambia uifungie `usb-storage` (dereva ya flashi na CD za USB) ili ile CD isionekane. Niliyafuata. Modemu ikakubali, nikatamba. Kesho yake asubuhi mteja kaja na CV kwenye flashi, anataka nakala mbili, usaili saa nne. Flashi ya kwanza haionekani, ya pili haionekani, nikamwambia zina virusi. Kumbe nilikuwa nimezima flashi zote mwenyewe. Usiifungie.

4. Andika `mmcli -L`. Inauliza ModemManager, programu ya Linux inayosimamia modemu. Modemu yako ikitajwa, endelea.

5. `nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name modemu apn internet`
kisha `nmcli connection up modemu`

APN (jina la lango la intaneti la mtandao wako) ya Vodacom Tanzania ni internet. Safaricom ya Kenya ni safaricom.

MASWALI

kijana_wa_laptop: Mkuu nimefuata zote haifanyi kazi.
— "Haifanyi kazi" ni malalamiko. Leta majibu ya `lsusb`.

kijana_wa_laptop: Inasema 12d1:1446.
— Soma hatua ya 3. Yote.

mama_steshenari: Samahani mwalimu, kwa nini wameifanya ijifanye CD?
— Swali zuri dada. Programu za Windows zimehifadhiwa ndani ya modemu yenyewe. Windows inaiona CD, inasakinisha, halafu programu hiyo inaituma modemu ujumbe: acha kuwa CD, kuwa modemu. Linux dereva inayo tayari ndani ya keneli (kiini cha mfumo), inaitwa `option`. Kinachokosekana ni ule ujumbe tu, na ndio usb-modeswitch inautuma.

mama_steshenari: Yangu imegeuka 12d1:14db, ila `mmcli -L` haioni kitu.
— Hiyo ni HiLink, haijaharibika. Inajitokeza kama kadi ya mtandao, kama umechomeka waya. Ruka hatua ya 4 na 5, fungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari, APN unaiweka humo.

bwana_wvdial: Hizi nmcli za nini? Programu ya wvdial inatosha kuunganisha modemu.
— Inatosha mpaka ModemManager iishike modemu uambiwe "Device or resource busy" (kifaa kinatumika). Ukiitaka, zima kwanza ModemManager. Sijamkataza mtu.

kijana_wa_laptop: Imekubali! Ila bando la GB 1 limeisha sijafungua hata YouTube.
— Hilo sasa ni swali. Kompyuta inajisasisha kimyakimya. Iambie kuwa intaneti hii inapimwa:
`nmcli connection modify modemu connection.metered yes`
Ukitumia Ubuntu ongeza:
`sudo snap set system refresh.metered=hold`
Firefox ya Ubuntu kuanzia 22.04 ni snap (programu inayojisasisha yenyewe), nayo hula bando.

mama_steshenari: Na salio naangaliaje bila kuhamisha laini kwenye simu?
— `mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*102#"`, weka namba ya salio ya mtandao wako. Kama `mmcli -L` inakuonyesha Modem/1, andika 1 badala ya 0. Kwako wewe wa HiLink, angalia kwenye ule ukurasa wa 192.168.8.1.